Mwili Utakaofufuka

Kila alfajiri ya Pasaka, jua likiwa halijachomoza, Wamoraviani, waumini wa Kanisa la Moravian, hukusanyika makaburini. Desturi hiyo ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani, pale vijana wa kiume waliokuwa wamekesha katika maombi walipopanda kilima cha Hutberg na kuimba katikati ya makaburi ya ndugu zao. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891, na mwaka 1899 Traugott Bachmann akafungua misheni ya Mbozi, katika nchi ya Wanyiha. Ibada ya alfajiri ilifuata njia hiyohiyo. Leo Mbozi imo katika Mkoa wa Songwe, ambao ulizaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, na Isansa ni mojawapo ya kata zake, nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Pasaka huwakuta wakulima mvua zikielekea ukingoni na mahindi yakiwa yamebeba. Watu huvaa makoti na vitenge vizito, maana asubuhi za huku zina baridi, na pale palipo na bendi ya matarumbeta, sauti yake ndiyo inayowatoa watu vitandani.

Mambo wanayoyafanya wakifika ni machache. Wanakiri imani yao kwa sauti moja, wanaimba, na liturujia ya kale ya Moravian inawaombea waumini wadumu katika ushirika na wale waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Sala hiyo ina uzito wake katika kijiji ambamo kila mtu anamfahamu aliyezikwa mwaka huo. Mwenye mama kwenye kaburi jipya anasimama karibu na kaburi la mama yake, na mwenye mtoto vivyo hivyo.

Kanisa lenye paa na mabenchi lipo, tena haliko mbali. Wanatoka na kwenda kukanyaga umande kwa sababu ya jambo lenyewe linalotangazwa asubuhi hiyo: habari ya Pasaka inahusu kile kilichofukiwa chini. Hapa ndipo mahubiri mengi ya misibani yanapopunguza imani ya Kikristo nusu nzima. Tumezoea kuambiwa kwamba mwili ni nyumba tu, mwenye nyumba amehama, roho imekwenda juu na kilichobaki ni udongo. Maneno hayo yanafariji, wala simlaumu anayeyasema mbele ya jeneza la mtoto. Lakini wanafalsafa wengi wa Kiyunani waliyasema kabla ya Ukristo. Paulo alipohubiri Athene, wasikilizaji walimvumilia mpaka alipotaja kufufuka kwa wafu. Hapo baadhi wakamcheka. Kama angesema tu kwamba roho haifi, huenda wasingemcheka. Kilichowashinda ni mwili.

Imani ya Mitume, ambayo karibu kila ushirika huikiri, inataja waziwazi ufufuo wa mwili. Na ufufuo huo si kurudishwa tu. Lazaro wa Bethania, binti wa Yairo na mwana wa mjane wa Naini walirudishwa kwa watu wao, kisha siku moja walikufa tena wakazikwa mara ya pili. Kuhusu Yesu, Agano Jipya linasema jambo la namna nyingine: amepita mauti akatokea upande wa pili, na hawezi kufa tena. Ni yeye yuleyule. Tomaso anaonyeshwa makovu, wanafunzi wanamwona akila samaki wa kuokwa. Hata hivyo, marafiki zake wanachelewa kumtambua. Wakorintho walipouliza mwili huo utakuwa wa namna gani, Paulo aliwajibu kwa mbegu: unachokipanda si mmea utakaouona, ila mmea huo umetoka humo humo. Mtu wa Isansa aliyefukia punje ya mahindi Novemba hahitaji maelezo marefu hapo.

Tofauti hii kati ya kurudishwa na kufufuka inatuhusu sana sisi wa nyanda za juu kusini, kwa sababu katika maeneo yetu kuna hofu ya misukule. Watu huambiwa kwamba marehemu wao hakufa kweli. Amechukuliwa kwa ushirikina, amefichwa, analimishwa mashamba ya mtu usiku. Nimeona familia zikishindwa kuomboleza kwa sababu ya maneno hayo. Kaburi linakuwa swali, jirani anakuwa mshukiwa, na bibi kizee wa nyumba ya tatu anaanza kuogopa kutoka jioni. Wahubiri wanaoahidi kuwarudisha misukule huziongezea familia hizo jeraha. Mkristo ana jibu tofauti kabisa. Kifo ni kifo. Yesu mwenyewe alikufa kweli, akazikwa, na Imani inakiri hivyo bila aibu. Msiba unaruhusiwa kuwa msiba. Tumaini linaanzia palepale kwenye kaburi lililofungwa, na halimtafuti wa kumtuhumu.

Kuna jambo lingine ambalo kanisa la kwetu halina budi kulisema kwa sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa wa Mbeya wa wakati ule, Mbozi ikiwemo, ulitikiswa na mauaji ya uchunaji ngozi. Watu waliuawa, ngozi zao zikauzwa kwa walioamini zinaleta utajiri. Baadaye nchi nzima iliona ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mtu akishaamini kwamba mwili ni ganda tu, atamjibu nini mnunuzi wa ganda hilo? Fundisho la ufufuo linamjibu. Mwili wa mtu huyu una miadi na Mungu. Haununuliki ukiwa hai, haununuliki ukiwa maiti, na hakuna utajiri unaoweza kuchunwa kutoka kwake. Ningependa kila darasa la kipaimara wilayani Mbozi lifundishwe hivyo, kwa maneno hayohayo mazito, pamoja na yale ya kukariri.

Ndiyo maana pia sioni ajabu kwamba Wamoraviani wa Mbozi wana hospitali ya misheni. Kusafisha kidonda, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kitandani, kumwogesha baba aliyepooza ambaye hatainuka tena: kazi hizi ni heshima kwa mwili ambao Mungu hajamalizana nao. Muuguzi wa zamu ya usiku anaishi fundisho la Pasaka kuliko mhubiri anayelipigia kelele.

Nikifundisha jambo hili huwa naomba watu wasiishie mwisho wa sura ya 15 ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Ni sura ndefu, na yote ni ufufuo: mashahidi, Adamu na Kristo, mbegu, parapanda ya mwisho, kifo kuulizwa kiko wapi kushinda kwake. Mstari wake wa mwisho unawaambia waumini wasitikisike, kwa kuwa taabu yao katika Bwana si bure. Kisha sura ya 16 inaanza, na Paulo anaingia moja kwa moja kwenye mchango. Siku ya kwanza ya kila juma, yaani siku ileile ya ufufuo, kila mtu aweke akiba kadiri ya kufanikiwa kwake kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakuna utangulizi mrefu. Waliogawa waraka huo katika sura ndio waliotuwekea ukuta hapo. Barua yenyewe inapita kutoka parapanda hadi kwenye daftari la michango kana kwamba ni habari moja. Na ni habari moja. Kama wafu hawafufuki, Paulo mwenyewe anasema, basi tule na tunywe, kesho tutakufa. Kama wanafufuka, jembe la leo, magunia mawili ya mahindi yaliyopelekwa kwa mgonjwa na ada ya yatima iliyolipwa kimyakimya havipotei.

Halafu kuna mashahidi. Injili zote nne zinasema waliofika kaburini kwanza ni wanawake, na Mariamu Magdalene yumo katika zote. Katika jamii ya wakati ule, ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito sawa na wa mwanamume, na Luka anaeleza kwamba mitume walidhani wanawake wale wanasema upuuzi. Mungu aliwakabidhi habari kubwa kuliko zote watu ambao kikao kisingewasikiliza.

Sasa tazama kikao cha ukoo baada ya mazishi. Shamba la kahawa la marehemu linajadiliwa, mashemeji wana mengi ya kusema, na mjane, aliyeipalilia mibuni hiyo na kuchuma kahawa yake tangu aolewe, ameketi pembeni kwenye mkeka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, ila sheria hiyo haifiki kwenye mkeka bila mtu wa kuifikisha. Mchungaji aliyezika huombwa afungue kikao kwa sala, na mara nyingi akishasema amina huaga akaondoka. Mimi ningemsihi abaki, aombe mjane apewe nafasi ya kusema mapema, wala asinyanyuke kabla mama huyo hajamaliza.