Ukoma: Ugonjwa unaovamia walezi wa neva

Mashariki mwa Jinja, katika Wilaya ya Mayuge, ipo hospitali ya Buluba, iliyoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Kaskazini mwa Mbale, wilayani Kumi, ipo hospitali nyingine yenye asili kama hiyo. Kwa vizazi kadhaa, wagonjwa wa mashariki mwa Uganda wamefika huko wakiwa na vidole vilivyopinda na vidonda visivyouma.

Wengi huamini kwamba ukoma ni ugonjwa wa ngozi unaokula vidole. Kwa hakika ni ugonjwa unaoharibu pia mishipa ya fahamu, yaani neva, na unaanzia katika seli zinazozilea neva hizo.

Seli saidizi ni za aina ngapi?

Neva ni fungu la nyuzi ndefu zinazopeleka habari baina ya mwili, uti wa mgongo na ubongo. Nyuzi hizo hazijitegemei. Zimezungukwa na seli saidizi za aina mbalimbali. Zilizo mashuhuri zaidi ni seli za Schwann, zilizopewa jina la mwanasayansi wa Ujerumani, Theodor Schwann, aliyezieleza mwaka 1839.

Kundi la kwanza la seli hizi hujiviringisha kwenye uzi mnene na kuuvika ala ya mafuta iitwayo mayelini. Kwa sababu ya ala hiyo, ujumbe unaweza kusafiri kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde.

Kundi la pili halitengenezi mayelini. Kila seli hukumbatia nyuzi nyembamba kadhaa, zikiwamo zinazobeba hisia za maumivu, joto na baridi. Humo ujumbe hutembea takriban mita moja tu kwa sekunde.

Zipo nyingine mahali neva inapokutana na msuli, nyingine kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, na nyingine katika kuta za utumbo. Mwaka 2019, watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walieleza, kutokana na majaribio ya panya, kwamba kuna seli za Schwann ngozini ambazo zenyewe hushiriki kutambua maumivu.

Bakteria huingiaje?

Bakteria wa ukoma, waliogunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi, kama ngozi na neva zilizo karibu nayo. Hujishikiza kwenye seli za Schwann, kisha huzaliana ndani yake, hasa katika zile zisizotengeneza mayelini. Huongezeka polepole mno: hugawanyika mara moja kwa takriban wiki mbili. Ndiyo maana dalili huweza kuchelewa kwa miaka 5, hata 20.

Kwa kuwa seli hizo hulea nyuzi za maumivu na joto, hisia hizo ndizo hupotea mapema. Baadaye, kinga ya mwili inapopambana na bakteria, neva huvimba na kuharibika zaidi. Misuli hulegea na vidole hupinda.

Ukoma, basi, hauli vidole. Mkono usiohisi hushika sufuria ya moto. Mguu usiohisi hukanyaga mwiba na kuendelea na safari. Vidonda visivyotunzwa ndivyo huleta ulemavu.

Tiba ipo, lakini wakati ni muhimu

Daktari Wanda Błeńska wa Poland, aliyeanza kazi Buluba mwaka 1951 na kuhudumu kwa zaidi ya miaka 40, alishuhudia tiba ikibadilika. Mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa dawa, zikiwamo rifampisini na dapsoni, unaotumiwa kwa miezi 6 au 12. Dawa hizo hutolewa bila malipo.

Hata hivyo, dawa huua bakteria. Hazifufui neva iliyokwisha kufa. Neva iliyovimba karibuni huweza kuokolewa kwa dawa za kutuliza uvimbe, iwapo mgonjwa atawahi.

Ukoma si laana wala haurithiwi. Baka lililofifia au jekundu kwenye ngozi, lisilohisi mguso au joto, ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya, hata kama haliumi. Kutouma kwake ndiyo dalili yenyewe.