Intakula kubwa: gari ya turbo inapata nguvu kweli?

Shoferi anayebeba samaki kutoka Kalundu kwenda Bukavu anajua pale gari inamchokea: nyuma ya Kamanyola, kwenye milima ya Ngomo. Moshi mweusi unatoka, motere inalia, abiria wananyamaza. Akifika garaji, fundi anamwambia: «Weka intakula kubwa.»

Turbo ikibana hewa, ile hewa inapata moto, mara ingine kupita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni yake ni kidogo. Intakula inaipoza kwa upepo mbele ya kuingia motere.

Lakini ndani ya muji, kutoka Mulongwe mpaka Kavimvira, turbo haisukumi sana, tofauti huisikii. Tena intakula kubwa inaombaka hewa mingi ya kuijaza, basi unakanyaga na gari inachelewa kuitika. Na penye mulima mukali gari yenye muzigo inatambaa, upepo wa kuipoza unapunguka. Kwa motere ya zamani, hewa bila mazutu ya kuongeza haileti nguvu ya maana. Fundi akifungua mazutu, joto linapanda, na kulasi inaweza kupasuka. Hapo dola zako zimekwenda mara mbili.

Anza na ile iko ndani ya gari. Osha poto-poto na vumbi ya Ruzizi kwenye intakula, kwa maji ya polepole. Badilisha filtre ya hewa. Kisha pitisha mukono kwenye tiyo za turbo, moja moja: ule moshi wa Ngomo, mara mingi unatokana na tiyo yenye kupasuka.