Viungo vinauma, lawama kwa baridi

Ukisema Tukuyu kwamba magoti yanakuuma, jibu liko tayari: baridi. Mji uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake haihitaji kuelezwa. Hata mimi ningeridhika na jibu hilo, kama nisingekutana na maandishi ya daktari Marion Robinson.

Robinson aliandika mwaka 1955 kuhusu mlipuko uliozikumba Newala na nyanda za Makonde mwaka 1952 na 1953. Kurasa zenyewe ni chache, lakini ukizisoma unaumwa nazo. Homa inamkamata mtu ghafla, bila dalili ya kumtahadharisha. Viungo vinauma kwa ukali wa kutisha. Mgonjwa hajongei, na usiku usingizi hauji. Upele unatoka, homa inashuka. Daktari mwenye haraka angefunga faili hapo. Yeye anaendelea kuwatazama wale waliohesabiwa wamepona, na kuandika jinsi maumivu yanavyowarudia miezi ikipita. Nimeupenda ukaidi huo. Ni nadra mtu kuaminiwa maumivu yake wakati kipimajoto kimeshasema hana kitu.

Mwenzake, Lumsden, aliangalia mitungi. Maji ya Newala yalipandishwa kwa taabu kutoka mabondeni, kwa hiyo yaliwekwa akiba ndani, na mbu aina ya Aedes akazaliana humo humo. Ugonjwa ulikuwa chikungunya, ambao virusi vyake huenezwa na mbu huyo. Mwaka 2004 uliiangukia Lamu, ambako watu kama watatu kati ya wanne waliambukizwa.

Baridi ya Tukuyu haimfai mbu huyo. Lakini Kyela kwenye joto ni kuteremka tu, na watu hushuka kila siku kufuata mchele na kakao. Na mbu huyo anauma mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa. Utafiti wa damu mkoani Mbeya, ziliko Tukuyu na Kyela, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya watano akiwa na alama za kuwahi kupatwa na virusi hivyo au jamaa zake.

Dawa ya kuviua hakuna. Ni vidonge vya maumivu na subira. Basi mtu akipimwa malaria asikutwe nayo, nani atamuuliza mwezi uliopita alikuwa wapi? Na mchuma chai ambaye vidole vyake vinakataa kukunjika alfajiri, atamweleza nini msimamizi, ilhali kadi yake ya kliniki imeandikwa homa tu?