Udongo wa Viriba Uliokwisha Kutumika: Namna ya Kuurutubisha Bila ya Kuunguza Miche

Kila chama kinachoendesha kitalu hubakiwa na lundo la udongo mwisho wa msimu: wa viriba vilivyochanika, wa miche iliyokufa, na wa makopo ya mboga zilizokwisha kuvunwa. Mara nyingi lundo hilo hutupwa, na wanachama hupelekwa shamba kuchimba udongo mwingine. Hiyo ni hasara. Udongo wenye kina na rutuba wa Unguja, kama vile kinongo, umo zaidi upande wa magharibi na katikati ya kisiwa; sehemu kubwa ya mashariki ni maweni, na huko udongo ni haba juu ya jiwe. Kila debe linalopelekwa kitaluni ni debe lililopungua shamba. Kwa wanachama wa Mji Mkongwe, wanaootesha mrehani, asumini na pilipili katika vyungu vya uani na vya juu ya mapaa, huongezeka gharama ya kuuleta udongo mjini na taabu ya kuupandisha ngazi.

Hata hivyo, wako wanaouogopa udongo wa zamani, kwa kuwa waliwahi kuutia samadi nyingi na miche yao ikaungua. Lawama hiyo haiuhusu udongo. Kilichounguza ni samadi mbichi, au chumvi, au haraka ya kupanda.

UDONGO WA ZAMANI UMEPUNGUKIWA NA NINI

Udongo uliokaa ndani ya kiriba haugeuki kuwa sumu. Chembe zake za mchanga na za udongo hubaki vile vile. Kinachopungua ni mboji, ambayo huoza na kwisha upesi katika nchi ya joto. Na chakula cha mimea, ambacho sehemu yake huliwa na mche na sehemu huchukuliwa na maji. Mboji inapokwisha, udongo hushikamana, hewa haipiti, na maji hutuama juu. Kwa hiyo udongo huo unahitaji kurejeshewa mboji kwanza, na chakula baadaye, kwa kiasi.

KINACHOUNGUZA MICHE

Mambo matatu huunguza. La kwanza ni hewa kali ya amonia itokayo katika samadi mbichi, hasa ya kuku. Ndiyo harufu inayochoma pua bandani. La pili ni joto la samadi ambayo bado inaoza. La tatu ni chumvi. Chumvi ikizidi katika udongo, mizizi hushindwa kunywa maji hata kama udongo umelowa. Ndipo mche hunyauka penye maji, na majani hukauka kuanzia nchani na pembeni.

Katika Unguja chumvi ina njia nyingi za kuingia kitaluni. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba hutoka na maji ya bahari. Mwani, ambao kilimo chake kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, huacha mabaki yanayofaa kwa mbolea, lakini ni lazima yaoshwe kwanza. Mabaki ya samaki, na maji ya visima vilivyo karibu na pwani, huwa hivyo hivyo.

Liko pia kosa linalofanana na njaa. Makumbi mabichi au unga wa mbao ukichanganywa na udongo, vijidudu vinavyouozesha huchukua naitrojeni yote iliyopo, na majani ya miche hugeuka manjano. Mwenye kitalu hudhani samadi haikutosha, akaongeza. Na hapo ndipo huunguza.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kuchagua. Udongo wa miche iliyokufa kwa maradhi utengwe. Ule uliotoka kwenye nyanya zilizonyauka ghafla, au wenye mizizi yenye vinundu, usirudishwe kwenye nyanya, pilipili wala biringani. Upelekwe kwenye mahindi.

2. Kuanika. Udongo uliobaki uchekechwe, mizizi itolewe, kisha utandazwe kwa unene usiozidi shibiri moja. Ulowanishwe na kufunikwa kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, kingo zikandamizwe, uachwe wiki 4 hadi 6. Jua la kaskazi, Januari na Februari, ndilo lifaalo. Joto hilo hupunguza wadudu, magugu na maradhi, ingawa haliyamalizi yote.

3. Kuosha. Udongo unaoshukiwa kuwa na chumvi umwagiwe maji matamu mengi, kiasi cha mara mbili ya ujazo wake, nayo yaachwe yatiririke. Mvua za masika hufanya kazi hii bila ya gharama, ikiwa lundo limewekwa pahala palipoinuka. Hatua hii itangulie mbolea: atakayeosha baada ya kutia mbolea ataiosha mbolea yake pia.

4. Kuchanganya. Debe 3 za udongo wa zamani zitiwe debe 1 ya mboji iliyoiva. Kwa samadi ya kuku iliyoiva, kiasi kisizidi debe 1 kwa debe 10 za udongo. Samadi huiva kwa kulazwa pamoja na majani makavu, kulowanishwa na kugeuzwa, kwa muda wa miezi 2 hadi 3. Iliyoiva haina joto wala harufu kali. Fimbo ikichomekwa kati ya lundo na kutolewa, haiwi ya moto. Jivu lisichanganywe na samadi mbichi, kwani huitoa amonia hewani: rutuba hupotea na miche hudhurika. Udongo wa maweni hauhitaji jivu kabisa, kwa kuwa una chokaa ya kutosha.

5. Kupumzisha. Mchanganyiko ulowanishwe kiasi, ufunikwe usipigwe na mvua, ukae kivulini wiki 2 hadi 3.

6. Kujaribu. Kabla ya kujaza viriba, kunde 10 zipandwe katika mchanganyiko, na nyingine 10 katika udongo wa shamba usiotiwa kitu. Baada ya siku 10 zilinganishwe. Ikiwa za mchanganyiko zimeota chache, au majani yameungua, udongo uongezewe udongo mtupu na kupumzishwa tena. Kunde 20 ni gharama ndogo kuliko viriba 1,000.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Jambo hili lina uzito zaidi kwa vyama vinavyootesha mikarafuu. Mbegu ya mkarafuu haikai. Ikicheleweshwa kupandwa baada ya tunda kuiva, hupoteza uwezo wa kuota. Kwa hiyo miche ikiungua, chama hakiwezi kufungua gunia na kupanda upya. Hungojea matunda ya msimu mwingine. Miche yenyewe hulelewa kitaluni mwaka mzima au zaidi. Anayeiunguza kwa samadi ya siku moja huupoteza mwaka wa kazi ya wenzake, na fedha ya chama pamoja nao.

Inafaa basi kila katibu afungue ukurasa katika daftari la kitalu, aandike: udongo umetoka wapi, uliotesha nini, umetiwa nini na kwa kiasi gani, tarehe ya kuchanganywa, na matokeo ya jaribio la kunde. Viriba visijazwe kabla ya ukurasa huo kusomwa mbele ya kamati. Mwanachama atakayeshika kitalu baadaye atajua udongo alioupokea, na hatalazimika kujifunza kwa hasara ya chama.

Haraka haraka haina baraka. Udongo uliopumzishwa wiki 3 huilea miche kwa mwaka mzima.