Trekta Dogo Nalo Hupinduka!

Likizo ikifika wengi wenu mnarudi nyumbani kusaidia shamba. Kwa baadhi yenu kuna trekta, la mzee mwenyewe au la kukodi msimu wa kulima. Yapo makubwa, na yapo yale madogo ya nguvu ya farasi 20 au 30, ambayo ukiyatazama unaweza kudhani ni ya kuchezea. Ndiyo maana utawasikia vijana wakisema, "Aah, kale katrekta, kapinduke wapi?" Na wakiona kile chuma kilichosimama nyuma ya kiti kama goli la mpira, wanauliza: kina kazi gani? Kama kinakwama kwenye matawi ya miembe, si tukifungue tu?

Swali ni zuri. Hebu tulijibu.

Chuma hicho ni nini?

Ni kinga ya dereva wakati trekta linapopinduka. Kwa matrekta madogo mara nyingi huwa na nguzo mbili, na kwa mengine nne. Kwa yale makubwa yenye kabini, kinga imejengwa ndani ya kabini yenyewe.

Usidhani kazi yake ni kuzuia trekta lisipinduke. La hasha! Trekta litapinduka kama kawaida. Kazi ya chuma ni hii: likilala ubavu, chuma hugota chini na mara nyingi hulizuia lisiendelee kubingirika. Likigeuka matairi juu, chuma hubeba uzito ili ibaki nafasi pale kwenye kiti, ambamo mtu anaweza kubaki hai.

Sasa, ili ubaki ndani ya nafasi hiyo, lazima ufunge mkanda. Bila mkanda utarushwa nje, na chuma kilekile cha kukulinda kinaweza kukuangukia. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama kazini, NIOSH, linasema kinga na mkanda vikitumika pamoja huzuia kifo au majeraha makubwa kwa asilimia 99 trekta linapopinduka. Tafadhali soma tena hayo maneno: kinga NA mkanda.

Trekta linapindukaje?

Wale wa fizikia mtanielewa upesi. Kila kitu kina kitovu cha uzito. Kitovu hicho kikitoka nje ya eneo ambalo kitu kimesimamia, kitu kinaanguka. Kwa matrekta mengi, ekseli ya mbele imeshikwa katikati kwa pini ili icheze juu na chini kufuata mabonde ya shamba. Kwa hiyo, ingawa trekta lina matairi manne, uthabiti wake ni kama wa kigoda cha miguu mitatu: matairi mawili ya nyuma, na ile pini ya mbele. Kigoda cha miguu mitatu ukikiegemea upande, unajua kinachotokea.

Hivyo trekta huanguka ubavu likipita mteremko kwa ubavu, tairi moja likiingia mtaroni au likipanda tuta au kisiki, au dereva akikata kona kwa kasi. Kumbuka, ukizidisha mwendo mara mbili kwenye kona ileile, nguvu inayokusukuma nje haiongezeki mara mbili bali mara nne.

Njia ya pili inatisha zaidi, nayo ni kupinduka kinyumenyume. Matairi ya nyuma yakinasa kwenye tope na dereva akiachia klachi kwa ghafla huku amekanyaga mafuta, matairi hayazunguki. Nguvu ya injini lazima iende mahali, basi hunyanyua pua ya trekta. Ni hivyohivyo ukifunga mnyororo mahali pa juu, kwa mfano chini ya kiti, ili kung'oa kisiki au kuvuta gari lililokwama. Pua ikishaanza kupanda, zinatosha kama robo tatu ya sekunde kufika mahali ambapo hata ukikanyaga klachi halirudi tena. Baada ya sekunde moja na nusu hivi, dereva yuko chini.

Basi tuangalie hoja zinazosemwa vijiweni.

"Ni dogo, haliwezi kumuua mtu"

Trekta dogo la nguvu ya farasi 20 hadi 30 huwa na uzito wa kilo 600 hivi hadi 1,200. Fikiria magunia sita ya mahindi ya kilo mia mia yamewekwa juu ya kifua chako. Hata mbavu zisipovunjika, kifua hakiwezi kupanda wala kushuka, maana yake huwezi kuvuta pumzi. Je, ikiwa watu wa kulinyanyua wako ng'ambo ya shamba? Tena matrekta madogo mengi ni membamba ili yapite kati ya mistari ya miti. Wembamba huo ndio unaoyafanya yaanguke kirahisi.

"Mimi ni mwepesi, nitaruka"

Robo tatu ya sekunde! Kabla akili haijaelewa kinachotokea, kimeshatokea. Na anayeruka mara nyingi huangukia upande uleule ambao trekta linaelekea. Ikiwa kinga ipo na umefunga mkanda, usiruke. Shika usukani kwa nguvu ubaki kwenye kiti.

"Shamba letu ni tambarare"

Kwa ndugu zetu wa Karatu na Mbulu, miteremko wanaijua. Lakini hata kwenye mabonde ya mpunga kama Kilombero kuna tope, kuna mifereji na kuna kingo za majaruba. Na kupinduka kinyumenyume hakuhitaji mlima wowote.

"Kinagonga matawi na mlango wa banda"

Hii ni hoja ya kweli. Ndiyo maana matrekta madogo mengi huja na kinga inayokunjwa katikati kwa pini. Ikunje unapopita chini ya matawi au unapoingia bandani, kisha inyanyue mara utokapo. Kosa ni kuikunja Januari na kuisahau mpaka mavuno. Ukiwa umeikunja, usifunge mkanda, kwani utajifunga kwenye kiti kisicho na kinga. Ni hivyohivyo kwa trekta lisilo na kinga kabisa.

"Letu lina paa la jua"

Angalia vizuri. Paa lililosimama juu ya vibomba vyembamba ni kivuli tu, litabonyea kama kopo. Kinga ya kweli imetengenezwa na kupimwa kiwandani, nayo huwa na kibandiko au kibati kinachosema ni ya trekta gani. Kwa sababu hiyo, usimwambie fundi wa kuchomelea akuungie nyingine kwa mabomba ya mitumba, wala usiitoboe ili kuning'iniza taa. Kama ya zamani imepinda au imepata ufa, inabadilishwa. Haichomelewi.

Wenzetu walifanya nini?

Sweden ilianza mwaka 1959 kulazimisha kila trekta jipya liuzwe likiwa na kinga, na baadaye ikayageukia na yale ya zamani. Matrekta hayakuacha kupinduka, lakini vifo vilipungua mno. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1976 kwa waajiri, ikihusu matrekta mapya ya nguvu ya zaidi ya farasi 20. Mashamba ya familia yasiyo na waajiriwa hayakuguswa. Mwaka 1985 watengenezaji wa huko walikubaliana kuweka kinga karibu kwenye kila trekta jipya linalozidi nguvu hiyo. Hata hivyo, matrekta ya zamani huishi miaka mingi, na yale yasiyo na kinga yaliendelea kuua.

Je, trekta la chini ya farasi 20 ni salama? Hapana. Mpaka huo waliuweka watu waliotunga kanuni. Ardhi haisomi kanuni. Jibu letu, basi, ni NDIYO: trekta dogo unalokalia linahitaji kinga. Pawatila ya kutembea nyuma yake ni jambo jingine, kwa sababu haina kiti cha kukingwa. Hiyo ina hatari zake.

Wewe ufanye nini?

1. Usiendeshe trekta kama hujafundishwa, hata kaka akikuita mwoga.

2. Usidandie madigadi, wala usimkubalie rafiki adandie. Kinga inalinda kiti kimoja tu. "Lifti" ya madigadi huishia chini ya tairi la nyuma.

3. Kama trekta la nyumbani halina kinga, kitu cha kuvutwa kifungwe kwenye kile chuma cha chini cha kukokotea tu. Klachi iachiwe polepole. Kona, mwendo wa taratibu. Kaeni mbali na kingo za mitaro, hasa baada ya mvua.

4. Ongea na mzazi kwa adabu. Usimwambie, "Baba, unakosea." Muulize, "Baba, kile chuma cha nyuma ya kiti kiliwekwa wapi?" Pengine kimelala nyuma ya banda, kuku wanalalia, na kinachohitajika ni boliti sahihi na mkanda mzima. Kama halikuja nacho, mwombe aulize kwa wakala wa trekta hilo kabla ya msimu.

Trekta linamsaidia mzee kulima kwa siku moja kazi ambayo kwa jembe la mkono ingechukua wiki kadhaa. Hakuna anayesema mliache. Tunachosema ni kwamba anayelipanda asubuhi ashuke mwenyewe jioni, kwa miguu yake.

Likizo njema, na mkanda ufungwe!