Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

Ndugu msomaji, hapa kwetu Mafia mali ya mtu ni minazi. Wapo wenye ng'ombe, na huko Jibondo na Chole wapo wenye mashua na nyavu. Lakini mtu akifa, swali linalozuka mara tu baada ya hitima ni hili: nazi ataangua nani?

Mara nyingi hakuna anayejibu. Kaka mkubwa anamwita mkwezi, nazi zinaanguliwa, fedha anatia mfukoni. Dada zake wako kwa waume zao. Mjane yumo ndani anakaa eda. Mdogo wao yuko Dar es Salaam. Mwaka unapita, na wa pili unapita. Watu wanazoea kuiita minazi ile kwa jina la kaka. Naye akifa, watoto wake wanasema, "Minazi hii ni ya baba yetu." Basi hapo ugomvi unaanza, na wazee waliojua ukweli wamekwisha kufa.

Ugomvi huu unaweza kuzuiwa. Tueleze hatua kwa hatua.

Nani anarithi nini?

Watu wengi wa Mafia ni Waislamu, na mirathi yao hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kwanza hutolewa gharama za mazishi. Pili hulipwa madeni ya marehemu. Tatu hutolewa wasia, kama upo. Wasia usizidi theluthi moja ya mali iliyobaki, na mrithi hapewi kwa wasia ila warithi wenzake wakikubali. Kinachobaki baada ya hayo ndicho kinachogawanywa.

Mke hupata thumni, yaani fungu 1 katika 8, kama marehemu ameacha mtoto. Kama hakuacha mtoto, mke hupata robo. Wake wakiwa wawili au zaidi, wanagawana fungu hilo hilo. Mume aliyefiwa na mke hupata robo kama mke ameacha mtoto, na nusu kama hakuacha. Mtoto wa kiume hupata mafungu 2 na wa kike fungu 1. Baba na mama wa marehemu nao wana mafungu yao wakiwa hai.

Tupige hesabu. Mtu amekufa na kuacha minazi 48. Wazazi wake walikwisha kufa. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume 2 na wa kike 3. Hana deni wala wasia. Mke anapata thumni, yaani minazi 6. Inabaki 42. Kila mtoto wa kiume anapata 12, na kila wa kike anapata 6. Jumlisha mwenyewe uone: inatimia 48.

Lakini minazi haifanani. Upo unaozaa sana na upo uliozeeka. Mtu asipewe mikongwe mitupu halafu akaambiwa hesabu imetimia. Pitieni shambani pamoja, muikague, ndipo mgawane.

Jambo jingine: minazi ya mke mwenyewe, aliyorithi kwao au aliyoinunua, isihesabiwe katika mali ya mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa peke yake haihamishi mali ya mke ikawa ya mume.

Twende wapi?

1. Andikisheni kifo na mchukue cheti cha kifo.

2. Fanyeni kikao cha familia. Waitwe warithi wote, wanawake kwa wanaume, na walio mbali wapelekewe habari. Kikao kimchague mtu wa kusimamia mirathi. Andikeni muhtasari, na majina ya warithi wote yawemo. Wewe uliyejifunza kusoma, usome muhtasari huo kabla ya kutia sahihi.

3. Aliyechaguliwa aende Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu. Atajaza Fomu Namba 1. Mahakama itatoa tangazo. Kama jina lako limeachwa, au humtaki mtu yule, huo ndio wakati wa kuweka pingamizi. Usinung'unike jikoni, nenda kaseme mahakamani.

4. Mahakama ikiridhika, itampa barua ya usimamizi. Sheikh anaweza kusaidia sana kupiga hesabu za mafungu, lakini barua hii hutoka mahakamani. Hata benki huitaka kabla ya kutoa fedha za marehemu.

5. Msimamizi akusanye mali, alipe madeni, awagawie warithi. Kanuni zinamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali katika Fomu Namba 5 ndani ya miezi 4, ila mahakama ikimwongezea muda, na baadaye hesabu yake katika Fomu Namba 6 kwa nyakati zitakazopangwa na mahakama.

Basi hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani aliyepewa barua amepewa mali. Sivyo. Barua ile ni ya kazi. Kama naye ni mrithi, atachukua fungu lake tu. Nazi zinazoanguliwa kabla ya kugawana ni za warithi wote, na fedha zake ziandikwe. Msimamizi akila peke yake, warithi wana haki ya kuiomba mahakama imwondoe. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Eti mwanamke atauza nje?

Wapo wanaosema, "Dada akipewa minazi ataiuza kwa watu baki, ukoo upotee." Neno hili si la Mafia tu. Huko mkoani Kagera, mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba aliloachiwa na baba yake. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kuwa mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kwa sheria ya Kiislamu pia, fungu la mwanamke ni mali yake mwenyewe. Kama ndugu anaogopa minazi itoke nje, ainunue kwa bei ya haki.

Ndugu msomaji, usingoje mpaka wazee waishe. Kama kwenu ipo mirathi iliyokaa bila kugawanywa, itisheni kikao sasa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kijijini kwenu ipo minazi ya marehemu ambayo haijagawanywa? Nani anaangua?

2. Mwanamke amekufa, ameacha mume, mtoto wa kiume 1 na wa kike 1, na minazi 40. Wazazi wake walikwisha kufa. Hana deni wala wasia. Kila mmoja apate mingapi?