Gunia Lisimulialo: Kufundisha Hadithi za Wahamiaji

Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, hadithi hii ni ya kweli?" sisi walimu hukimbilia kujibu ndiyo au siyo. Katika makala haya tutaonyesha kwa nini jibu hilo halitoshi, hasa tufundishapo hadithi za jamii za wahamiaji.

Mhamiaji husafiri na mizigo michache. Vitu vyake vingi hupotea njiani, lakini ngano na majina ya wazee hubaki. Kwa hiyo baadhi ya waandishi wa jamii hizo huchanganya maisha ya kila siku na maajabu ya ngano, wala wahusika wao hawastaajabu. Mtindo huo huitwa uhalisiamazingaombwe.

Mfano ulio karibu na mtindo huo ni riwaya ya M. G. Vassanji, The Gunny Sack, iliyochapishwa mwaka 1989. Yahusu Wahindi waliohamia Afrika Mashariki. Salim Juma amerithi gunia kuukuu kutoka kwa bibi mmoja wa ukoo, Ji Bai. Gunia lina jina la kike, Shehrbanoo, na kila kitolewacho ndani yake huzaa kisa. Kimojawapo ni kisa cha Bibi Taratibu, mtumwa Mwafrika aliyemzalia mwana Dhanji Govindji, mhamiaji wa kwanza wa ukoo huo. Salim mwenyewe ni mjukuu wa mwana huyo. Waliloona haya watu kulisema, gunia lalisema. Hiyo ndiyo kazi ya maajabu haya.

Riwaya hiyo ni ya watu wazima, lakini njia yake yafaa Darasa la Tano:

(a) Mwalimu aseme "Paukwa!", wanafunzi waitikie "Pakawa!" Kisha atoe kitu kikuukuu kikapuni, kama ufunguo au kibuyu, akisimulie kana kwamba chenyewe kinasema.

(b) Kila mwanafunzi achague kitu cha kwao, akiandikie maneno: "Mimi ni kinu. Nilikuja hapa..."

(c) Darasa lijadili: Lipi laweza kutukia? Lipi ni la ajabu? Hilo la ajabu latufunza nini?

Tujihadhari na mambo mawili. Tusimlazimishe mtoto kufichua siri za nyumbani. Wala tusiite ngano ya wazazi wake uongo mbele ya wenzake. Kwa mtoto aliyehamia juzi, huenda ngano hiyo ndiyo mali pekee aliyokuja nayo. Mwalimu akiidharau, mtoto atanyamaza; na mtoto aliyenyamaza ni vigumu kumfundisha lugha.